Ngiri ya Mtani, Rovu la Mama Mkwe

Mliniacha uani kwangu, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mke wangu amenipa mgongo, na mama yake anakoroma asubuhi kweupe ili nisikie vizuri. Bado niko palepale. Aliyedhani mambo yangepoa wiki hii, pole yake, na pole yangu pia.

Kwa aliyechelewa kujiunga na mikosi yangu: naitwa Nouhoum Diarra, muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji hapa Sikasso. Mvua zilipoanza, Daktari Oumou Sanogo, ambaye ndiye peke yake anayeshika kisu hospitalini kwetu, alichoka kugombana na watu juu ya nani apasuliwe kwanza. Mzigo akanitwika mimi.

Akanipa na kanuni. Anayekaribia kufa, kwanza. Asiyeweza tena kufanya kazi, wa pili. Waliobaki, kila mtu kwa jinsi alivyotangulia kufika. Undugu, marufuku.

"Hata akija mama yangu mzazi," aliniambia, "muulize maswali yaleyale unayomuuliza jirani."

Mama yake hakuja. Aliyekuja ni mama mkwe wangu.

Mama Niélé aliteremka kutoka Koutiala na masanduku mawili, jogoo mmoja, na rovu shingoni. Rovu hilo si geni. Amekwenda nalo sokoni, ameozesha nalo mabinti, amegombana nalo na wake wenza wawili akawashinda. Halikuwahi kumnyima neno. Lakini tangu alipoisikia ile kanuni ya kwanza, pumzi ilianza kumpotea, na ilimpotea hasa Daktari alipokuwa anapita.

Ningemuuliza nini? Kwetu mama mkwe humwangalii usoni. Unaangalia kandambili zake na kuitikia.

Sasa hapo ndipo shetani alipoingia. Mitungi yetu ya oksijeni ikabaki mmoja. Mingine, tuliambiwa, iko njiani kutoka Bamako, na ilikuwa njiani tangu kabla ya sikukuu ya kuchinja. Daktari akasema upasuaji mdogo wa sindano ya ganzi utaendelea kama kawaida. Upasuaji mkubwa ubaki mmoja tu, Alhamisi. Baada ya hapo, hadi Mungu na lori watakapopenda.

Mtungi mmoja, mgonjwa mmoja. Na wa kumchagua ni mimi.

"Baba Fousseyni," mke wangu Korotoumou akaniita bado amenipa mgongo. Akiniita hivyo najua kuna kilima mbele.

"Naam."

"Mama amelala vibaya."

"Nimesikia."

"Umesikia, halafu?"

"Halafu nimesikia, Korotoumou. Kuna watu wanaongoja pale tangu msimu wa maembe."

Akageuka. Heri angebaki vilevile.

"Hao watu walikuzalia mke?"

Ndani, Mama Niélé akaongeza mkoromo mmoja mrefu wenye kona mbili. Jogoo akaitikia.

Nikainuka, nikaenda kazini bila chai.

Asubuhi hiyohiyo Mama Niélé akanifuata hospitalini kwa miguu yake. Akajipanga barazani na wagonjwa wengine. Daktari alipotokeza tu kwenye kona, koti jeupe likaonekana, mama wa watu akashika nguzo. "Hrrrr," akasema. "Hrrrr."

Daktari akasimama. Akamshika shingo, akasikiliza kifua, akakunja uso. Kisha akanigeukia.

"Nouhoum, huyu unakaa naye nyumbani. Usiku hali ikoje?"

Baraza zima likanitazama. Kandambili za mama mkwe zikanitazama.

"Nyumbani hatulali, Daktari," nikasema.

Niape kwa lipi? Ilikuwa kweli tupu. Hatukuwa tunalala. Yeye mwenyewe alihakikisha hatulali.

"Basi Alhamisi ni yake," Daktari akasema, akaenda zake.

Siku hiyo nililetewa mchuzi wa karanga na nyama imekaa juu, haikuzama. Korotoumou alinichekea. Mama Niélé alinitumia salamu kupitia mtoto, kwamba mimi ni mwanamume kuliko alivyowahi kusikia. Nikala, nikalamba vidole, nikajiona nimevuka mto. Kumbe nilikuwa sijavua hata viatu.

Sasa nimlete Zoumana Traoré, mkae naye vizuri, maana wiki hii ni yake.

Zoumana ni mchoma nyama wa langoni kwa hospitali. Moshi wake ndio unaowaponya wagonjwa wetu kabla ya dawa. Ni mtu wa mwili, sauti kama ya mwadhini, na mtani wangu.

Nanyi mna watani wenu, mnajua mambo yenyewe. Ila utani wetu hauna likizo. Traoré na Diarra ni koo zilizowekeana utani tangu mababu: Traoré akikutana na Diarra humwita mtumwa wake, na Diarra akikutana na Traoré humwita mla kunde. Kunde tunazila sote, nyumba zote, lakini mlaji ni yule mwingine. Hukasiriki, wala huruhusiwi kukasirika. Na mtani akikuomba kitu kwa jina la utani, humnyimi, hata kikiwa mboni ya jicho lako. Anayemnyima mtani hufikwa na jambo, na hakuna aliyethubutu kungoja aone ni jambo gani.

Diarra kwa lugha yetu ni simba. Basi Zoumana kila asubuhi nikipita langoni alinguruma.

"Simba! Simba gani huyu ana suruali ya mitumba? Njoo uchukue mfupa, mtumwa wangu!"

"Funika nyama yako, Traoré, nimesikia harufu ya kunde mpaka kwetu!"

Ndivyo tulivyosalimiana miaka kumi na moja. Siku isiyo na tusi lake niliiona haijaanza.

Zoumana alikuwa na ngiri. Kubeba mizoga ya kondoo kila siku si mchezo, ikamtoka kinenani. Tangu msimu wa maembe alikuwa kwenye orodha, na kila nilipomuuliza yale maswali ya Daktari, alinijibu hivi:

"Unaumwa?"

"Naumwa nikimwona Diarra."

"Unaweza kufanya kazi?"

"Kumchapa mtumwa wangu naweza. Lete kiboko."

"Zoumana, kuwa mtu mzima. Ikitokeza, inarudi ndani ukiisukuma?"

"Inarudi, ina adabu. Si ngiri ya Diarra hiyo."

Baraza linacheka, mimi nacheka, naandika: anaweza kusubiri. Niambieni, ningeandika nini? Nilikuwa na mgonjwa mmoja anayeigiza ugonjwa na mwingine anayeigiza uzima, na kalamu ni yangu.

Basi Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, Zoumana akaja barazani. Alikuja ameinama, mkono mmoja tumboni, mwingine kwenye nguzo.

"Diarra," akasema. "Leo nakufa."

Baraza likacheka kabla sijafungua mdomo. Walikuwa wameshajipanga, wanajua ngoma imeanza.

"Kufa upesi, mtani," nikamjibu. "Nyama itapoa."

Wakacheka tena. Kuna mwanamke alicheka mpaka mtoto akamponyoka chuchu.

"Sitanii, Diarra."

"Traoré asiyetania! Basi leo punda naye ataswali."

Jamani, baraza lilivunjika. Na Zoumana mwenyewe akacheka, kidogo. Watu wakicheka, mtani atafanyaje? Alicheka huku amekishika kiuno cha suruali, na jasho likimshuka kutoka masikioni.

Jasho nililiona. Nikajiambia mchoma nyama hutoka jasho.

"Nenda kalale," nikamwambia. "Punguza kunde. Jumatano ijayo Daktari ana upasuaji wa ganzi, nitakuona."

"Nishike basi tumbo, uone."

"Nikushike tumbo mimi, mkono wangu unuke kunde mpaka Ijumaa?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, ukabaki mfukoni. Zoumana akanitazama kidogo, akageuka, akaondoka kwa hatua za mtu anayebeba maji kichwani. Na mimi nikaenda kumwandaa mama mkwe wangu.

Alhamisi ikafika. Mama Niélé juu ya machela! Mngemwona. Amepakwa hina mikono na miguu, amevaa kitambaa cha sikukuu mpaka muuguzi alipomwomba avae gauni la hospitali, naye akalivaa juu ya kitambaa. Koutiala nzima ilikuwa imemuaga. Simu ya Korotoumou haikunyamaza, shangazi huyu anatoa dua, yule anauliza rovu likitolewa litazikwa wapi. Mama mwenyewe hakuwa amekula tangu jana yake, na alihakikisha kila aliyepita anajua.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umefungwa. Ndani Daktari anamalizia kidonda cha mkulima mmoja kwa ganzi. Mtungi umesimama kando ya meza, unamngoja Mama.

Nilikuwa na furaha, sitaki kuficha. Nyumbani amani, kazini heshima. Nilikuwa hata naimba kimoyomoyo.

Ndipo ikaingia langoni ile pikipiki ya magurudumu matatu inayobebea magunia. Nyuma yake, juu ya mkeka, amelala Zoumana. Mkewe, Safiatou, amempakata kichwa.

Baraza likafurahi. Ngoma imekuja yenyewe! Watu wakasogea mbele, wengine wakapanda kwenye mabenchi, na mimi, mjinga wa karne hii, nikawapa walichotaka.

"Traoré!" nikapaza sauti. "Leo umeletwa kama gunia la kunde!"

Kicheko. Nikasubiri jibu. Wote tukasubiri.

Zoumana akafumbua macho, akanitazama, akayafumba.

Hakunijibu.

Nyinyi mnaweza kuona si kitu. Lakini sisi tuliokuwepo, tuliokulia hapa, tulielewa palepale. Traoré ametukanwa na Diarra mbele ya watu, na amenyamaza. Kicheko kilikufa kuanzia waliokuwa karibu na pikipiki, kikaenda kikifa mpaka nyuma ukutani. Mwanamke mmoja akasema "Allah" kwa sauti ndogo.

Mimi ninazo alama nyingi za hatari nilizofundishwa chuoni. Hii haikuwemo, na ndiyo iliyonitia hofu kuliko zote.

Nikarukia pikipiki. Nikafunua kanga. Safari hii mkono ukatoka mfukoni. Ngiri ilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia, ngozi juu yake imebadilika rangi, na nilipoigusa tu mtu mzima yule aliyebeba kondoo begani miaka yote alilia kama mtoto.

"Tangu lini?" nikamuuliza Safiatou.

"Anatapika tangu jana jioni," akasema. "Nikamwambia turudi hospitali. Akasema hapana, Diarra atanicheka tena."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Niliisikia methali hiyo tangu utotoni, na siku zote nilidhani wanaambiwa watoto wanaorushiana mawe.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Oumou akatoka, glovu zina damu, barakoa shingoni. Hakuuliza mengi. Akakaribia, akatazama, akaminya mahali pamoja, Zoumana akalia tena.

"Utumbo umenaswa na kunyongeka," akasema. "Ndani kunaoza. Nikimaliza kubadilisha hizi glovu nataka awe mezani. Atalazwa usingizi, mtungi ni wake."

Mlango ukafungwa.

Rovu la Mama Niélé halikuwahi kumharibia masikio.

"Mtungi ni wa nani?" akauliza kutoka kwenye machela.

Nikatazama kandambili. Hazikuwepo, alikuwa amelala. Nikatazama gurudumu.

"Mama mkwe," nikasema, "kuna jambo dogo."

"Halipo."

"Kuna mtu yuko katika hali mbaya."

"Na mimi niko katika hali gani? Hrrrr!"

"Mama, tunaomba hiyo machela na hiyo zamu. Mtungi mwingine uko njiani."

"Njiani! Hata marehemu baba yake Korotoumou aliniambia yuko njiani, akarudi na mke wa tatu!" Akashika vyuma vya machela kwa mikono miwili yenye hina. "Sishuki. Koutiala nzima imeniaga. Nikashuke niwaambie nini, kwamba nimepishana na mchoma nyama?"

Machela ilikuwa hiyo moja. Nyingine haina gurudumu la mbele. Nikawaita vijana wangu wa wodi.

"Mshusheni Mama taratibu."

Wakatazamana.

"Mkuu," mmoja akasema, "ni mkwe wako, si wangu. Leo nikimvuta, kesho ukipatana naye nani atafukuzwa?"

Na mimi nimguse? Mkwe wangu? Nimshike mkono mbele ya watu? Heri nivue suruali niende sokoni.

Korotoumou akanisogelea. Alikuwa analia, na si kilio cha hila, nakijua kile. "Nouhoum," akasema, "nikilala usiku namsikia kweli akikosa pumzi. Si yote ni maigizo. Ukimshusha mama yangu leo, na mimi nashuka kwako."

Huku Safiatou naye ameacha pikipiki, amekuja kusimama pembeni yangu. Kiganja chake amekiweka mdomoni, anatazama mlango uliofungwa.

Nilitamani kukimbia. Nasema kweli, nilitazama lango, nikapima umbali.

Ndipo akili ikanijia, na ilinijia kutoka kwa mababu, kwa kuwa kichwani mwangu mwenyewe hamkuwa na kitu. Mama Niélé kwao ni Koné. Na Koné, kama Diarra, ni mtani wa Traoré. Zoumana angemwomba machela kwa utani, Mama asingeweza kumnyima. Lakini Zoumana alikuwa hawezi kuomba hata maji.

Nikaruka juu ya benchi, nikawageukia watu wa barazani.

"Hapa kuna Traoré?"

Swali la kipumbavu kuulizwa Sikasso. Mikono ikainuka nusu ya baraza. Hata yule mwenye mkono wa plasta aliinua uleule wa plasta. Muuza kadi za simu langoni akainua wa kwake, mlinzi akainua kirungu.

"Leo umetukumbuka, mtumwa!" mmoja akapiga kelele.

"Piga magoti kwanza, Diarra!"

"Mpeni kunde asome vizuri majina yetu!"

"Jamani, nitukaneni baadaye!" nikalia. "Ndugu yenu anakufa! Nataka Traoré mmoja mwenye mdomo, aliyelala kwenye machela ni Koné!"

Akasimama bibi kizee mmoja, jicho moja limefungwa bandeji, ametoka kupasuliwa mtoto wa jicho jana yake. Wakampisha. Akanipita kana kwamba mimi ni mwavuli uliosahauliwa, akaenda hadi kwenye machela, akamwinamia mama mkwe wangu kwa jicho lile lililobaki.

"Wewe Koné," akasema. "Tangu lini mtumwa analala kitandani bwana wake amelala chini?"

Mama Niélé akasahau kukoroma. Hakuna Koné duniani ambaye angelinyamazia hilo.

"Bwana gani? Traoré huyu huyu anayelala na mbuzi? Rudi kwenye kunde zako, bibi, jicho moja halikutoshi kuniona!"

"Linanitosha. Naona shingo imemeza boga."

Baraza likatokwa na kicheko, likajishika mdomo. Hata Korotoumou, machozi bado mashavuni, nilimwona akiuma mtandio.

Bibi akaacha kucheka. Akaweka mkono juu ya mkono wa Mama Niélé, pale kwenye chuma.

"Mtumwa wangu," akasema polepole, "kijana yule ni damu yangu, ingawa simjui. Nakuomba kitanda hiki na zamu hii. Nakuomba kwa yale waliyowekeana babu zangu na babu zako."

Mama Niélé akatazama dari la baraza. Akatazama hina yake. Midomo ikamcheza. Nilimwonea huruma wakati ule, nawaambia, nilimwonea huruma kweli, kwa sababu alichoombwa kilikuwa chake, alikitamani, na hakuwa na njia ya kukataa.

"Traoré ni wezi," akasema hatimaye. "Hata kitanda cha mgonjwa wanaiba."

Akashuka.

Akashuka mwenyewe, bila kushikwa! Akatupa miguu chini, akasimama wima, akazifunga nguo zake, akachukua mkoba. "Mchukueni. Na akiamka mwambieni Koné ndiye aliyempa pumzi. Nyama ya kila Ijumaa, mpaka afe, nusu ni yangu." Kisha akavuka uwanja wa hospitali kwa mwendo wa msichana anayewahi bomba la maji, anatukana Traoré wote mmoja mmoja, kwa sauti inayosikika sokoni, wala hakupumzika hata mara moja.

Hakuna hrrrr. Hata kidogo.

Watu walimtazama mama yule akienda. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia mimi. Korotoumou akashusha macho. Nilihisi masikio yananiwaka.

Daktari Oumou alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Huyo ndiye mgonjwa wako asiyepumua?" akauliza.

"Daktari..."

"Mlete mchoma nyama."

Tukampandisha Zoumana, nikaisukuma machela mwenyewe. Gurudumu likalia njia nzima. Pale kwenye machela, kichwa chake kimeelekea uwanjani, macho yake yalikuwa wazi. Kutoka kwenye pikipiki alikuwa amemwona Mama Niélé akivuka. Alikuwa amemsikia.

Tukamweka mezani. Mtu wa dawa ya usingizi akaanza kufungua mtungi, ukapiga mluzi mdogo. Daktari akaenda kwenye sinki la pembeni, akafungua maji, akaanza kuosha mikono.

"Nouhoum," Zoumana akasema.

Nikafikiri nimesikia vibaya. Miaka kumi na moja mtu huyu ameniita mtumwa, ameniita simba kibogoyo, ameniita Diarra mwizi wa vifaranga. Sikujua kama analijua jina langu.

"Usiseme kitu, mtani. Tunza nguvu."

"Nouhoum, jana." Alikuwa anavuta maneno moja moja. "Jana nilikuomba unishike tumbo."

"Najua."

"Ulinicheka kwa sababu mimi ni Traoré? Au kwa sababu mtungi ulikuwa wa mama mkwe wako?"

Jibu la utani nilikuwa nalo, limeshafika kwenye ulimi. Zuri, lenye kunde ndani yake, lingeliangusha baraza zima kwa kicheko. Naye pengine angelichekea, tungekwenda hivyohivyo, yeye usingizini na mimi salama.

Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, vidole vya mtu anayeshinda motoni kila siku.

"Leo usinitanie," akasema.

Maji yakakatika kwenye sinki. Daktari Oumou alikuwa amefunga bomba kwa kiwiko, mikono yake miwili ameiinua inachuruzika, na uso wake ameugeuza kwangu, anangoja kusikia.